Mume wa Pili wa Rukia

Aliyeanza kusema ni Margareta, fundi cherehani wa Kiusa. Alifika dukani kwa Ronald, karibu na stendi ya Moshi, akaiweka diski juu ya kaunta kwa ncha za vidole.

"Haichezi?" Ronald akamuuliza.

"Inacheza vizuri tu. Ila muulize huyo Yusuph wako, mtu anayepumua nyuma yake ni nani?"

Yusuph mwenyewe alikuwa pale pale, amekaa juu ya kreti ya soda. Akacheka kuliko wote waliokuwapo. Yeye ndiye aliyekuwa akitafsiri muvi za dukani kwa Ronald, na siku zote alirekodi peke yake, nyumbani kwake Njoro, katika chumba cha uani alichokibandika magodoro ukutani ili makelele ya nje yasiingie. Hakuwahi kurekodi na mtu.

Hata hivyo aliichukua ile diski, akaenda nayo nyumbani, akavaa spika za masikioni, akasikiliza. Ilikuwa kweli. Kila alipotua kuvuta pumzi, mwingine aliitoa yake, taratibu, karibu sana na maiki, kama mtu aliyesimama nyuma ya kiti na kumwinamia begani. Na chini ya pumzi ile kulikuwa na maji yanayopita, maji ya mferejini.

Akajiambia ni waya mbovu. Akabadilisha waya, akasikiliza tena, na pumzi ikawa pale pale. Kilichomshika kwanza hakikuwa hofu. Ilikuwa ni aibu, kwa sababu alijua pumzi ile ilianzia wapi. Ilianzia pale alipolitaja jina.

Mambo yalikuwa hivi. Ronald alipata boksi la filamu za zamani kutoka kwa mpagazi mmoja wa mlimani, naye aliachiwa na mgeni wake. Zilikuwa filamu za Kimarekani, nyeusi na nyeupe, zilizosafishwa upya na kutolewa kwenye diski, picha inang'aa kama imepigwa jana. Ndani yake kulikuwa na wapelelezi waliovaa makoti marefu, mitaa yenye mvua, na wanawake wazuri ambao ukiwatazama vizuri unagundua kuwa walikwisha kufa.

"Kaka, za mapigano kila mtu anazo," Ronald alimwambia. "Hizi hakuna aliyezigusa. Wapelelezi na majini kwa pamoja! Tia maneno, zitauza balaa."

Yusuph akachagua moja, akaipa jina la Bibi Asiye na Kivuli. Ilimhusu mpelelezi aliyempenda mwanamke ambaye kila jioni alikuwa akienda gatini kuzungumza na mume asiyeonekana. Shida ya filamu ile ilikuwa ukimya. Mpelelezi anatembea, anavuta sigara, mvua inanyesha, na hakuna anayesema neno. Mtafsiri anaogopa ukimya kuliko kitu kingine chochote, maana mteja amenunua maneno. Yusuph akajaza. Ulipokwisha utani wote aliokuwa nao, akajaza kwa kile kilichokuwa karibu na ulimi wake, na kilichokuwa karibu ni habari za dada yake.

Rukia alikuwa dada yake mkubwa, mtoto wa kwanza wa mama yao, aliyemlea Yusuph mama alipofariki. Aliolewa Chekereni, kwa mkulima wa mpunga aitwaye Khalid. Hata mwaka haukwisha, akawa anatoka adhuhuri kwenda kukaa kando ya mfereji, anazungumza peke yake, anacheka kwa haya kama bibi harusi. Mumewe akimsogelea, anamsukuma. Alipoulizwa, akasema ana mume mwingine, jini aishiye mferejini, na akalitaja jina lake. Khalid akamrudisha kwao. Shehe Zaidi wa Pasua ndiye aliyemsomea hadi yule jini akakubali kumwachia, kwa sharti moja tu: jini atakaa kimya huko aliko, na watu wa nyumba ile hawatalitaja jina lake kamwe. Wote waliapa, Yusuph akiwamo. Majirani waliambiwa kuwa ndoa ilivunjika kwa kukosa maelewano. Tangu hapo Rukia aliishi kwa mdogo wake, anapika, anafua, hatoki ila kwa shughuli za jirani.

Hayo yote Yusuph aliyamwaga ndani ya filamu. "Mnamwona huyu? Basi ni kama yule Rukia wa Chekereni, mke wa jini!" akasema kwa ile sauti yake iliyopendwa mjini kote. Akaeleza jinsi alivyokuwa akijipaka mafuta kabla ya kwenda mferejini, na jinsi alivyolia siku jini alipofukuzwa, akimlilia kuliko alivyomlilia Khalid. Akaigiza kilio chenyewe. Halafu, kwa kuwa sehemu ile ilihitaji kishindo, akalitaja jina. Jina hilo halitaandikwa hapa.

Alijitetea moyoni kuwa akina Rukia ni wengi. Diski ikauza kweli. Ikafika Himo, ikapanda Marangu, vijana wakaihamishia kwenye flashi na simu.

Siku chache baada ya Margareta kuirudisha ile yake, Yusuph alifika nyumbani alasiri akakuta mlango umefungwa. Mkewe, Hajira, alikuwa sokoni, na ufunguo alikuwa nao Rukia, aliyekwenda kwa Bi Mwamvita, jirani yao, ambako wanawake walikuwa wanachambua mchele wa harusi. Yusuph akakata kupitia uani kwa Bi Mwamvita. Kabla hajafika mlangoni akaisikia sauti yake mwenyewe ikitoka dirishani, ikifuatiwa na vicheko.

Akachungulia. Wanawake walikuwa wamekaa mikekani na nyungo zao, televisheni imewashwa. Sauti yake ikasema, "Rukia wa Chekereni, mke wa jini!" na vicheko vikapanda, kisha kimoja kikakatika, na cha pili, na cha tatu, kadiri kila mmoja alivyokumbuka nani amekaa nao. Wakageuka. Rukia alikuwa pembeni, ungo mapajani, anatoa mawe. Hakuinua uso. Vidole vyake viliendelea kutoa mawe, moja moja, na ile sauti ikaendelea kueleza mafuta aliyojipaka, ikafika kwenye kilio, ikakiigiza, na hakuna aliyekumbuka kuizima.

Hapo ndipo Yusuph angeingia. Hatua tatu zingetosha. Lakini alirudi kinyumenyume hadi kwenye ua wa michongoma, akageuka, akaondoka akitembea haraka kama aliyetumwa. Akaenda msikitini akakaa hadi magharibi, wala haikuwa kwa ajili ya ibada.

Aliporudi, Rukia alimmiminia maji ya kunawa, akamwekea chakula.

"Mchele wa Bi Mwamvita ulikuwa na mawe mengi leo," akasema.

Asubuhi yake nyumba iliamka na harufu ya tope. Haikuwa harufu ya mvua ya Moshi, ile ya vumbi lililolowa. Ilikuwa ya majaruba ya mpunga, tope zito lililolala na maji siku nyingi. Hajira alipiga deki mara mbili, harufu ikabaki. Nje kulikuwa na mawingu ya mwezi wa saba, mlima haujaonekana kwa wiki nzima. Hajira alikuwa jikoni akimenya ndizi, Yusuph amesimama mlangoni akinywa chai, ndipo wote wawili waliposikia sauti ya Yusuph ikitoka chumba cha uani.

"Sasa hapa, ndugu mtazamaji, mke anamenya ndizi," sauti ikasema, kwa mwendo ule ule wa kutafsiri muvi. "Mume kasimama mlangoni na kikombe. Mke hajui kitu. Hajui kwamba mumewe alikaa na Ronald akamwambia, huyu mwanamke nimemvumilia, tumbo lake ni kama gunia tupu..."

Hajira akaweka kisu chini. Alimtazama mumewe, ambaye mdomo wake ulikuwa umejaa chai, na bado sauti yake ilikuwa inaendelea kule uani, wazi, kubwa, kiasi cha kusikika hadi kwa majirani.

"Nani yuko mle?" akanong'ona.

"Hakuna mtu. Mitambo nimezima."

"Ulimwambia Ronald hivyo?"

Yusuph akameza chai. Mchana Hajira akafunga nguo zake na kwenda Himo kwa wazazi wake.

Tangu siku hiyo nyumba ikawa inatafsiriwa. Yusuph alizima umeme, akang'oa waya, akaibeba kompyuta na kwenda kuifungia stoo, na bado, kila alipoinuka, kila alipokohoa, kila alipofungua mlango wa choo, sauti yake ilimtangulia ikieleza anachofanya na anachokificha, mchana kweupe, huku wapita njia wakisimama kwenye ua na kusikiliza, wakidhani ni yeye anayejitangaza kwa kichaa, na yeye hakuwa na la kubisha, kwa kuwa sauti ilikuwa yake na yaliyosemwa yalikuwa kweli. Haikukosea hata mara moja. Na haikumtaja Rukia hata mara moja. Rukia alipita sebuleni na ndoo yake, sauti ikanyamaza hadi apite.

Yusuph na Ronald wakaanza kukusanya diski. Ronald alikuwa amekonda uso. Wateja walikuwa wanampigia simu: kuna nyumba ambamo televisheni ilikuwa inaendelea kuzungumza baada ya diski kutolewa. Zile zilizopatikana walizichoma nyuma ya duka, moshi wake ukanuka tope. Yaliyokuwa kwenye simu za watu hawakuwa na namna ya kuyafikia.

Diski moja ilibidi Yusuph aifuate mwenyewe Marangu, kwa mama mmoja mjane aitwaye Esther, msharika wa Kilutheri, mwenye kihamba cha kahawa na migomba na ng'ombe wawili wa maziwa. Alifika adhuhuri, ukungu umeshuka hadi kwenye migomba, majani yanadondosha maji.

"Hodi hapa! Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu." Yule mama akamtazama kwa muda. "Kumbe ndiwe. Nimekutambua kwa sauti. Karibu."

Akamkaribisha sebuleni, akampa chai ya maziwa. Televisheni ilikuwa kwenye meza yake pembeni, imefunikwa khanga mbili, na juu ya khanga kumewekwa Biblia.

"Diski imo humo humo kwenye deki, imegoma kutoka," Esther akasema kwa sauti ya chini, kama watu wanavyoongea penye mgonjwa. "Wajukuu ndio waliileta. Tukacheka mwanzoni, nakuficha nini. Halafu ikaacha habari za filamu ikaanza habari zetu. Ikasema mbele ya wakwe zangu jambo nililomwambia Mungu peke yake. Kwa sauti yako, mwanangu. Mchungaji amekuja ameomba, ikanyamaza, lakini haijaondoka. Nikiwa peke yangu nasikia maji yanapita humo ndani. Na mfongo wetu, mfereji wa kumwagilia kihamba, umekauka tangu mwezi wa tano."

Yusuph akakishika kikombe kwa mikono miwili.

"Nikuulize kitu. Huyo mwanamke uliyemsema, ni mtu kweli?"

"Ni hadithi tu, mama."

"Kile kilio si cha kutunga. Nimezika mume na watoto, nakijua kilio. Ni nani yako?"

"Simjui, mama. Nilisikia tu kwa watu."

Kwanza ikaja harufu. Kisha khanga zilizofunika televisheni zikavutwa kidogo kwa ndani, kama kitambaa kilichowekwa mdomoni mwa mtu anayevuta pumzi, zikalegea, zikavutwa tena, na Yusuph, akiwa ametoa macho na kikombe kinamwagikia magotini bila yeye kuhisi moto wake, akaisikia sauti yake mwenyewe kutoka chini ya zile khanga, safari hii bila mzaha wowote, sauti ya mtu aliyechoka.

"Ni dada yangu," ikasema. "Ndiye aliyenilea."

Esther hakupiga kelele. Alifumba macho, midomo ikamchezacheza kwa sala. Alipoyafumbua hakuitazama televisheni. Alimtazama Yusuph, naye angependa kupigwa kuliko kutazamwa vile.

"Nenda kwake," akasema. "Usikae hapa kwangu kukusanya masahani ya filamu."

Yusuph alishuka Moshi na kwenda moja kwa moja Pasua kwa Shehe Zaidi. Shehe alimsikiliza, akauliza swali moja tu: "Ulilitaja?" Yusuph akaitikia kwa kichwa. Mzee akashika paji la uso kwa kiganja, kisha akainuka kuchukua kitabu chake.

Walifika Njoro alasiri. Shehe alitandika mkeka sebuleni, akafukiza ubani, akamwita Rukia akae katikati na kumfunika shuka jeupe, kama alivyofanya miaka ile. Rukia hakubisha. Shehe akaanza kusoma. Alisoma muda mrefu, sauti yake ikipanda, moshi ukijaa, harufu ya tope ikipanda pamoja nao hadi Yusuph akahisi anaila, na maji yakasikika ukutani, chini ya sakafu, nyuma ya kabati, kana kwamba nyumba nzima imejengwa ndani ya mfereji, na wote wawili wakawa wanalikodolea macho lile shuka jeupe wakingoja litikisike.

Halikutikisika. Ulimi wa Yusuph ndio ulioinuka mdomoni mwake, wenyewe.

"Shehe Zaidi," kinywa chake kikasema. "Tuliagana nini mimi na wewe?"

Shehe akakata kusoma. "Tuliagana ukae kimya."

"Nilikaa?"

"Ulikaa."

"Nani aliyevunja?"

Shehe akafunga kitabu. Akajaribu kuuliza kama desturi ilivyo, anataka nini, mbuzi au nguo au chetezo, lakini sauti yake ilikuwa imekwisha nguvu.

"Sitaki mbuzi. Nimemsikia mke wangu akichekwa katika nyumba nisizozijua. Walicheka hadi kilio chake. Namtaka atoke katika nyumba hii."

"Nitakuchoma kwa aya za Mwenyezi Mungu," Shehe akasema, akafungua kitabu tena. Ndipo Rukia alipolivua shuka. Uso wake ulikuwa mkavu.

"Shehe wangu, usisome tena. Nakuomba."

"Mwanangu, huyu si mtu."

"Najua si mtu. Nilikubali umtoe kwa sababu nilitaka kuwa na watu." Akamgeukia Yusuph, ambaye ulimi ulikuwa umerudi kuwa wake na mate yanamtoka kidevuni. "Huyu, yote aliyoyajua kunihusu, hajawahi kumwambia mtu. Wewe ulikula kwa mikono yangu, Yusuph."

Yusuph akapiga magoti. "Dada, nisamehe. Sikufikiri. Nilikuwa natafuta maneno ya kujazia tu."

"Ile siku kwa Bi Mwamvita niliona kivuli chako dirishani," Rukia akasema. "Nikasema moyoni, anaingia sasa. Nilikungoja. Nilitoa mawe hadi mchele ukaisha, nakungoja."

Aliingia chumbani kwake, akatoka na furushi dogo. Shehe Zaidi alisimama mlangoni kana kwamba atamzuia, kisha akapisha. Majirani walikuwa wamejaa uani, Bi Mwamvita mbele yao. Walimpisha pia, macho chini. Rukia alikwenda njia ya Chekereni, hakugeuka nyuma, na kadiri alivyozidi kwenda ndivyo maji yalivyozidi kufifia ukutani, hadi nyumba ikawa kavu kabisa.

Yusuph hakurudi kwenye maiki. Alipata kibarua cha kupakua magunia. Watu wa mjini wakimsikia anaomba chumvi dukani hugeuka, kwa sababu sauti wanaijua. Hajira alirudi baada ya wazee kukaa kikao, wanaishi, lakini akiwa na neno la moyoni humpelekea mama yake.

Mvua za vuli zilipokwisha, Yusuph akapata moyo wa kwenda Chekereni. Alimkuta Rukia katika chumba cha kupanga pembeni mwa majaruba. Alikuwa amenenepa kidogo, ngozi inang'aa, amejitanda khanga mpya. Watu wa pale walimwambia ni mpalilizi hodari, hana neno na mtu. Alimpokea mdogo wake kwa heshima, kama mtu anavyompokea mgeni wa mbali. Akamtolea kigoda, akamkalisha nje, kizingitini, akamletea chai.

"Hali yako, dada?"

"Nzuri. Wifi hajambo?"

"Hajambo." Akazunguka maneno, akayakosa, yeye aliyekuwa hakosi. "Dada, nimekuja kukuomba urudi nyumbani. Nitasimama mbele ya mtaa mzima niseme..."

Nyuma ya pazia la chumba, kitanda kikalia. Mtu mzito alikuwa anajiinua. Akakohoa mara moja, kikohozi cha mwanamume aliyeamshwa katika nyumba yake, na upepo mdogo ukalisukuma pazia nje, umejaa harufu ya tope la mpunga.

Rukia akageuza kichwa haraka, kisha akamwinamia mdogo wake, akanong'ona, na kwa mara ya kwanza tangu afike kulikuwa na huruma ya zamani katika sauti yake.

"Maliza chai yako uende, Yusuph. Nimemwomba asikusalimie."